Nimwambieje kaka wa manunuzi kuhusu risiti zake?

Swali: "Ni mwaka wa pili sasa niko idara ya uhasibu katika kampuni inayosambaza mabati na rangi, Barabara ya Nyerere. Afisa manunuzi wetu ni kaka mkubwa kwangu sana kiumri, na ndiye aliyenishika mkono nikapata nafasi ya kujitolea pale mpaka nikaajiriwa. Wote tunaishi Tabata, jioni ananipa lifti. Tatizo ni masurufu, yaani fedha za kampuni anazopewa kwa ajili ya manunuzi na safari za kazi. Anachukua fedha mwanzoni mwa mwezi, risiti ananiletea mwezi unaofuata, tarehe 18 au 19, na mimi ndiye ninayeandaa ritani ya VAT, yaani taarifa ya kodi ya ongezeko la thamani, inayotakiwa kuondoka tarehe 20. Nyingine zimeandikwa kwa mkono, si za EFD, yaani mashine ya kielektroniki ya kutolea risiti. Mwezi uliopita nilichoka, nikaandika kwenye grupu la WhatsApp la ofisi kwamba wanaochelewesha risiti wajue wanawatesa wenzao. Kila mtu alijua ni yeye. Wiki nzima alikuwa ananiitikia salamu kwa shingo upande. Nimwambieje bila kumvunjia heshima? Nimpelekee bosi moja kwa moja? Au niombe kuhamishwa idara?" – Msomaji, Tabata

Jibu:

Mdogo wangu, kabla hatujafika kwenye "nimwambieje", tukubaliane kwamba mpaka leo hujamwambia. Umeandika kwenye grupu. Umenuna. Labda umewaeleza wenzako wakati wa chai, maana mtu hafiki kuandika kwenye grupu bila kupitia hapo kwanza. Lakini yeye mwenyewe hajawahi kukaa mbele yako akasikia kutoka kinywani mwako kwamba risiti za safari fulani zilifika tarehe fulani na zikakufanya ubaki ofisini usiku. Alichopata ni fumbo, tena mbele ya watu ambao wengine ni wadogo zake. Kununa kwake hakunishangazi.

Watu wa mji huu tunayajua mafumbo. Kanga zina maneno yake, taarabu ina mipasho yake, na uswahilini mtu anaweza kumfikishia jirani ujumbe mzima bila kumtaja jina. Kule fumbo lina kazi yake, kwa sababu mara nyingi mtu anataka tu mwenzake ajue kwamba siri imejulikana. Wewe unataka risiti. Usome tena ule ujumbe wako wa grupu: hauna neno hata moja linalosema risiti zipi, zifike lini, zikabidhiwe kwa nani. Dereva aliyechelewesha stakabadhi moja ya mafuta naye alijiona ametajwa. Na mlengwa alichoelewa ni kwamba una hasira naye, basi. Ukimsimamisha leo kwenye korido ukamuuliza unazihitaji tarehe ngapi, atabahatisha.

Kazi yangu ni kusikiliza migogoro ya maofisini, na mwenendo ninaouona mara nyingi kuliko yote ni huu wako. Mdogo ananyamaza kwa jina la heshima. Miezi inapita. Siku moja yanatoka yote kwa pamoja, kwa hasira, mahali pabaya. Mkubwa anashangaa kweli, wala hajifanyi, maana kwa upande wake mambo yalikuwa salama: kila alipoleta risiti ulizipokea kwa mikono miwili ukasema "haina shida kaka". Sijakusikia ukisema hivyo, lakini nina hakika ulisema, kwa sababu sote tunasema hivyo. Tunasema "haina shida" huku shida imetufika kooni, halafu tunamlaumu mtu kwa kutuamini.

Kwa hiyo sikubaliani na wanaokwambia kwamba heshima kwa mkubwa ni kukaa kimya. Heshima iko katika namna unavyomwendea: unamwamkia, unamtafuta akiwa peke yake, unamsikiliza amalize, humkatizi. Kumwacha mtu mzima aendelee kukosea huku akisemwa pembeni na vijana wa uhasibu ndiko kumvunjia heshima, hata kama kila asubuhi anapewa shikamoo yake.

Najua kinachokubana zaidi ni kwamba alikushika mkono. Deni la namna hiyo ni zito kwetu, na sitaki ulifanye dogo. Lakini fikiria siku wakaguzi wa hesabu watakapokaa kwenye chumba cha mikutano na kuanza kufungua mafaili. Vocha zilizo wazi, yaani hati za fedha zilizotoka bila risiti kurejeshwa, zina jina lake. Kampuni nyingi huyahesabu masurufu yasiyorejeshwa kuwa deni la aliyeyachukua, na mtu anaweza kujikuta anaandikiwa mamilioni ambayo hakuyala hata senti, ila risiti zake zilipotea ndani ya lori. Aliyekutendea wema anastahili kulisikia hilo kwako, mapema, kabla hajaulizwa na mkaguzi ambaye hamjui. Ukilitazama hivyo, kumwambia ni sehemu ya kumlipa fadhila zake.

Sasa tenganisha mambo mawili ambayo kwenye swali lako umeyafunga pamoja: kuchelewa, na risiti za mkono. Kuchelewa ni jambo la kazi kati yako na yeye, na mnaweza kulimaliza wenyewe. Risiti za mkono ni jambo lenye sheria ndani yake, na wewe huna mamlaka ya kulisamehe hata kama ungependa.

Hata hivyo, usikimbilie kumdhania mabaya. Risiti ya mkono peke yake haithibitishi wizi. Anaponunua vipuri vya lori Gerezani anakutana na bei mbili, ya risiti na isiyo na risiti, na wewe kama mkazi wa Dar unalijua hilo. Yawezekana kabisa anaamini ameiokolea kampuni fedha. Hapo ndipo utaalamu wako wa uhasibu unapoweza kumsaidia kuliko maneno ya lawama, kwa sababu hesabu yake ni fupi. Tuseme kipuri ni shilingi 850,000 na muuzaji amesajiliwa VAT. Kwa kiwango cha asilimia 18, ndani ya bei hiyo kuna kodi ya karibu shilingi 129,700 ambayo kampuni, ikiwa na risiti ya EFD, ingeidai kwenye ritani. Muuzaji akimpunguzia shilingi 50,000 ili akubali karatasi ya mkono, yeye anaondoka ameshinda na kampuni imepoteza zaidi ya mara mbili ya kile alichookoa, mbali na kwamba TRA, Mamlaka ya Mapato, inaweza kuyakataa matumizi yenyewe. Mwandikie hesabu hiyo kwenye kipande cha karatasi. Mtu wa manunuzi maisha yake yote ni kupatana bei. Hiyo ataielewa haraka kuliko hotuba yoyote kuhusu taratibu za fedha.

Kabla ya kumfuata, andaa mifano miwili tu. Mmoja ataona ni bahati mbaya. Ukimwekea kumi mezani ataona umekuwa ukimfungulia faili, na hapo mazungumzo yamekufa. Chukua safari mbili za karibuni, andika tarehe fedha zilipotoka, tarehe risiti zilipofika, na kilichotokea kwako. Hayo mambo matatu yanatosha. Maneno kama "kila siku", "siku zote" na "wewe huwa" yaache nyumbani. Mtu akiambiwa "kila siku unachelewa" atatafuta siku moja ambayo hakuchelewa, ataipata, na mtabishana juu ya siku hiyo mpaka jioni.

Mahali na saa ni nusu ya kazi. Najua kishawishi cha kwanza ni kuongea ndani ya gari, mkiwa kwenye foleni ya Buguruni, wawili tu, hakuna anayesikia. Usifanye hivyo. Ndani ya gari lake wewe ni mgeni wake na yeye anakufanyia hisani. Akikasirika hana pa kwenda na wewe huna pa kushukia. Zaidi ya hapo, safari ya kurudi nyumbani ni mahali ambapo undugu wenu unaishi, na ni vizuri pabaki hivyo. Usimwambie kwa mama ntilie pia, maana meza ya jirani ina masikio. Usimwambie tarehe 19, kwa kuwa siku hiyo utaongea kwa uchovu. Ijumaa mchana anawaza kuwahi msikitini au kuwahi kumaliza wiki. Na ikiwa ni Ramadhani naye amefunga, saa kumi jioni mwache apumzike. Siku nzuri ni baada ya ritani kuondoka tarehe 20 na kabla mwezi mpya haujaanza, asubuhi baada ya chai, kwenye meza yake au chumba kidogo cha mikutano. Mwezeshe kujiandaa: mwambie jana yake kwamba una jambo la masurufu ungependa mlizungumze wawili. Usimwandikie tu "kaka kesho nina maongezi na wewe" ukamwacha alale na hilo.

Jambo la kwanza kusema ni la grupu, kwa sababu limekaa katikati yenu na hatasikia kingine mpaka liondoke. Omba radhi kwa mahali ulipolisemea, bila kuomba radhi kwa kuwa na hoja. Mimi ningesema hivi:

"Kaka, shikamoo. Kwanza niseme la grupu. Ule ujumbe ulikuwa wa kukuambia wewe, mezani hapa, na mimi nikaupeleka mbele za watu. Haikuwa sawa, naomba unisamehe kwa hilo."

Nyamaza hapo. Mpe nafasi aseme lolote analotaka kusema. Atasema "yameisha hayo", au atakueleza jinsi alivyojisikia, na katika hali zote mbili msikilize bila kujitetea. Kisha:

"Jambo lenyewe bado lipo, na ndiyo maana nimekuja. Masurufu ya safari ya Morogoro yalitoka tarehe 4. Risiti zake zilinifikia tarehe 19 ya mwezi uliofuata, saa kumi na moja jioni, na ritani inatakiwa iende tarehe 20. Nilitoka ofisini saa tatu usiku. Na zile za Gerezani zilikuwa za mkono, nikashindwa kuziingiza. Ninachoomba ni risiti zinifikie ndani ya siku tatu tangu safari iishe, na ziwe za EFD. Kwa upande wako kaka, inakwama wapi?"

Ona kilichomo na kisichokuwemo. Hakuna "watu wanasema". Hakuna "bosi ameanza kuuliza". Ukileta watu wengine kwenye maneno yako, ataacha kukusikiliza aanze kuwatafuta hao watu. Mna tarehe, mna saa, mna ombi linalopimika, na mna swali la kweli mwishoni. Nasema la kweli kwa sababu inabidi uwe tayari kupokea jibu usilolitarajia.

Lugha yetu ina adabu nyingi za kulainisha, na nyingi zitumie: samahani, naomba, pole na kazi, huenda mimi ndiye sijaelewa. Lakini ziweke mwanzoni. Hatari yake ni mwishoni, pale mtu anapomaliza kusema jambo zito halafu, kwa kuona uso wa mwenzake umebadilika, anaongeza "lakini si neno kaka, nilikuwa nasema tu". Sentensi hiyo moja inafuta dakika kumi nzima. Mkubwa wako, kwa uungwana, atakubali kwamba si neno, na mwezi ujao risiti zitafika tarehe 19. Ukiona unataka kuisema, meza mate, subiri.

Utani nao uangalie. Kama ninyi ni watani, tuseme mmoja Mchaga na mwingine Mpare, utajaribiwa kulipitisha hili kwa kicheko: "ninyi watu wa kwenu mnakula hela za watu!" Utani ni mali nzuri ya ofisi zetu, unapoza mengi. Ila una kanuni moja, kwamba la mtani halichukiwi, na kwa hiyo pia halitekelezwi. Taniane naye kesho yake ili ajue hamna kinyongo. Hoja yenyewe ipeleke kavu.

Sasa atajibu nini? Katika hali nyingi utagundua kuna sababu. Madereva wanakaa na risiti. Anarudi safari hii na kutumwa nyingine kabla hajafika mezani kwake. Karatasi za EFD zinafutika maandishi zikikaa kwenye dashibodi juani, anaogopa kukuletea karatasi nyeupe, anazikusanya akitumaini atarudi dukani kupata nakala. Hilo la mwisho lina dawa nyepesi: apige picha risiti palepale dukani na akutumie wewe, si kwenye grupu, halafu karatasi yenyewe ifuate. Akikwambia fomu ya kurejesha masurufu ni ndefu, jitolee kumjazia sehemu ya hesabu kwa mara ya kwanza. Hapo ndipo utakapomshika mkono na wewe. Lakini usiahidi kumjazia kila mwezi, utakuwa umebadilisha mzigo mmoja kwa mwingine.

Na pengine atakasirika. "Wewe mtoto wa juzi unanifundisha kazi?" Neno hilo linauma, hasa likitoka kwa aliyekuleta. Usilijibu kwa sauti yake, wala usianze kulia ukimkumbusha kwamba humdharau. Sema taratibu: "Sikufundishi kaka, kazi hii umenitangulia. Tarehe 20 ndiyo inayonibana, na sina namna ya kuisogeza." Rudi kwenye tarehe, kaa kwenye tarehe. Akiendelea kufoka, mwambie utarudi mkiwa mmetulia, ondoka. Kesho yake asubuhi tangulia kumwamkia kama kawaida. Mwache siku mbili tatu.

Hapa nina rai ninayoishikilia sana. Watu wazima wengi hawatakwambia "nimekosa". Watakasirika Jumanne, na Jumatatu inayofuata risiti zitakuwa mezani kwako ndani ya bahasha, bila neno. Hilo ndilo jibu, lipokee. Usimdai na radhi juu yake, usimtazame kwa jicho la "nilikwambia", usiwasimulie wenzako. Sema "asante kaka, zimenifikia mapema, leo nimewahi kufunga", na kweli uwe na nia ya kushukuru. Vijana wengi wanaharibu hapa: wamepata walichokitaka lakini wanataka pia kuonekana walikuwa sahihi.

Lifti yake endelea kupanda. Ukianza ghafla kusema utachukua daladala, umempelekea ujumbe mwingine ambao hukuukusudia, na huo utausahihisha kwa shida kuliko wa kwanza. Baada ya mazungumzo mwandikie ujumbe mfupi, yeye peke yake: "Asante kaka kwa muda wako leo. Tumekubaliana siku tatu baada ya safari, picha kwanza. Nami nitakukumbusha tarehe 10." Ujumbe wa namna hiyo unawasaidia nyote kukumbuka mlichokubaliana, na siku mkihitaji mtu wa tatu awasikilize, hamtabishana nani alisema nini.

Umeuliza kuhusu bosi. Kwa suala la kuchelewa, bado. Wapo wanaodhani kwenda kwa mkubwa haraka ndiyo kufuata utaratibu, lakini hata sheria zetu za kazi hazikai hivyo. Kanuni za utendaji bora zilizotolewa mwaka 2007 chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 zinamwelekeza mwajiri mwenyewe, kwa makosa madogo, aanze kwa ushauri na kurekebishana kwa mazungumzo kabla ya kufika kwenye maonyo na vikao vya nidhamu. Na hata mgogoro mkubwa ukifika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, kwanza mnakalishwa mezani na msuluhishi. Kama mwajiri anaanza kwa kuongea, sisi wafanyakazi kwa wafanyakazi hatuna sababu ya kuanzia juu. Ukienda kwa bosi kabla ya kuongea na mwenyewe, ofisi nzima itakuita mchongeaji, na safari hii watakuwa na hoja.

Ila ukiongea naye, mwezi mmoja ukapita, wa pili ukapita, na hali ni ileile, nenda kwa mhasibu mkuu, na kabla hujaenda mwambie kaka yako: "Hili la tarehe limenishinda. Alhamisi nitamweleza mhasibu mkuu ili atusaidie kupanga. Nimependa ulisikie kwangu kwanza." Hutaamini ni mara ngapi sentensi hiyo peke yake inamaliza jambo. Ukifika kwa mhasibu mkuu, eleza kazi ilivyokwama na mlichojaribu pamoja. Tabia ya mtu usiigusie. "Risiti za safari mbili zilifika tarehe 19" ni taarifa. "Yule kaka hajali" ni majungu, hata kama unaamini hivyo.

Kwa risiti za mkono mambo ni tofauti kidogo. Mwambie katika mazungumzo yaleyale kwamba huwezi kuziingiza kama za EFD, na za nyuma ambazo tayari zipo muulize mhasibu mkuu jinsi ya kuziandika. Hiyo ni sehemu ya kazi yako na wala si kumshitaki. Lakini siku yeyote, awe yeye au mwingine, akikwambia ubadilishe tarehe, au uandike kiasi kisichoonekana kwenye karatasi, au akikuletea risiti ambayo wewe mwenyewe una sababu ya kuamini ni ya kughushi, acha mbinu zote nilizokueleza hapa. Hilo halizungumzwi pembeni wawili. Usimhoji, usijifanye mpelelezi, usimwite mwizi. Lipeleke kwa mhasibu mkuu siku hiyohiyo, kwa maandishi. Ikiwa uongozi wenyewe umo, tunayo Sheria ya Kuwalinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya mwaka 2015, iliyotungwa kwa ajili ya watu wanaofichua uhalifu na rushwa kwa mamlaka husika. Vivyo hivyo ikiwa siku moja hoja yako ni mtu kukushika asipostahili au kukutaka kimapenzi kazini: usidhani unawajibika kwanza kumkalisha umbembeleze kwa adabu. Nenda kwa wanaohusika, na mtu unayemwamini akiwa pembeni yako.

Vipi kuhusu mtu wa kati? Wengi wetu tungemtafuta mzee mmoja wa ofisini akatuongelee. Mtu huyo ana nafasi yake, lakini baada ya ninyi wawili kushindwa. Ukianza naye, kaka yako atakuuliza swali moja ambalo hutakuwa na jibu lake: "Kwani mimi hujui ninapokaa?" Ukilazimika kumtumia, chagua anayeijua kazi yenyewe na ambaye mdomo wake mnauamini wote, na umpe ujumbe uleule wenye tarehe. Asiende kusema tu kwamba "mdogo wako ana manung'uniko".

Kuhusu kuhamishwa idara, usiombe sasa. Ukihama leo, ofisi itakumbuka ujumbe wa grupu na wewe kuondoka, na yeye ataamini mpaka mwisho kwamba ulimchukia. Anayekuja kukaa kwenye kiti chako atapokea vocha zilezile. Zungumza naye mwezi huu kabla masurufu mapya hayajatoka, mpe mizunguko miwili ya kufunga hesabu, mshirikishe mhasibu mkuu ikibidi. Baada ya hapo, ukiona kuna nafasi kwenye idara ya mikopo au mauzo na unaitaka kwa sababu ya kazi yenyewe, iombe. Na utakapoiomba, huyo kaka mwambie kabla ya wengine.